Adui wa Mkono wa Kioo

Runinga ile ilitoka katika chumba cha mapumziko cha wafanyakazi, kwenye hoteli ya Diani nilikokuwa nikipokea simu. Hoteli ilipofungwa, mwaka uliofuata zile fujo za Likoni za kuwafukuza watu wa bara, wafanyakazi tuliruhusiwa kununua vilivyobaki. Wenzangu walikimbilia magodoro na feni. Mimi nilichukua runinga, mashine ya video, na katoni ya kanda ambayo hakuna aliyeitaka. Kanda zote zilikuwa za mchezo mmoja wa Kiingereza, mfululizo mrefu juu ya chombo kinachosafiri baina ya nyota, na watu waliomo, na adui wao mmoja ambaye kila akishindwa hurudi.

Nilivipeleka Msambweni kwa shangazi yangu, dada wa baba, kwa sababu ndiko nilikohamia na nyumba yake ilikuwa na umeme. Shangazi alikuwa akishona makuti ya kuezekea mabanda ya hoteli. Hoteli hazikuwa zikiezeka tena, makuti yalikuwa yamelundikana ua mzima, na bado kila asubuhi aliketi akashona mengine. Mumewe alikuwa fundi wa friji. Siku fujo zilipoanza, kabla hatujajua kwamba zimeanza, alitoka asubuhi kwenda Mombasa kununua kipuri, asirudi. Alitafutwa vituoni, hospitalini, na mahali wanapohifadhiwa maiti. Hakuonekana miongoni mwa walio hai wala miongoni mwa waliokufa. Ndugu zake walikwenda Kwale kwa kadhi, naye akawapa muda wa kungoja. Aliwaambia kwamba muda ule ukiisha bila habari, mke aje mwenyewe aombe. Hapo ndipo ingeweza kuhukumiwa kwamba mtu amefariki, asomewe hitima, na mke akae eda.

Muda uliisha. Shangazi hakwenda.

Kila adhuhuri, alipopakua chakula, sahani ya kwanza ilikuwa ya mumewe. Aliifunika kwa kawa akaiweka juu ya meza iliyo karibu na mlango. Ikifika magharibi alimpa yeyote aliyepita njia. Idd zilipokuja, mtia hina alimuuliza kama amtie, maana mke hutiwa na mjane hatiwi. Shangazi alitazama mikono yake kwa muda, kisha akasema, "Ngoja kwanza." Yule mwanamke alingoja, akachoka, akafunga vikopo vyake akaenda.

Chumba cha uani kilikuwa na mpangaji, mwanamke wa bara, Mkristo, ambaye sote tulimwita Fundi kwa sababu ya cherehani yake. Tuliwahi kufanya kazi hoteli moja. Yeye alikuwa dobi. Fujo zilipozuka alikihama chumba kile, akakimbilia kwao na mumewe kama wengine wengi wa bara. Mume aliapa kwamba pwani hatakanyaga tena. Yeye alirudi peke yake, baada ya zile mvua kubwa, amejitwika cherehani kichwani, akasimama mlangoni bila kubisha hodi, kama mtu asiyejua ana haki ya kubisha. Shangazi alimwambia, "Chumba chako nimekifagia," akarudi kwenye makuti yake. Mwisho wa kila mwezi Fundi alikwenda posta kumpigia mumewe simu, na aliporudi alishona mpaka giza likaingia, bila kusema na mtu.

Mchezo tuliutazama baada ya sala ya adhuhuri. Alikuja pia ajuza wa nyumba ya pili, tuliyemwita Bibi, akibeba mkeka wake mwenyewe kwa kuwa wetu, alisema, una kunguni. Mwanzo mimi ndiye niliyetafsiri. Sikudumu.

"Mjukuu wangu," Bibi aliniambia siku ya tatu, "wewe watafsiri kana kwamba wasoma matangazo ya vifo kwenye redio. Huna mwenzako anayejua Kiingereza?"

Fundi alikuwa mlangoni akikunja nguo. Alikaa chini, akasikiliza kidogo, adui alipoinuka kusema naye akainua sauti: "Anasema hivi, nyinyi watu wa hiyo meli, leo ndio mtanijua!"

"Kiswahili gani hicho?" Bibi aliguna. "Adui mzima, anazungumza kama polisi wa barabarani."

Lakini alicheka, na tangu siku hiyo kazi ikawa ya Fundi.

Adui alikuwa mtu mrefu mwenye uso wa rangi ya jivu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa wa kioo, na ndani yake mwanga ulipanda na kushuka kila alipokasirika. Bibi, kwa utani, alimwita "mume wangu". "Mume wangu leo kapiga pasi," angesema. Au, adui anapotoroka: "Mwacheni mume wangu apite, hana nauli." Shangazi alileta makuti yake, akashona huku macho yakiwa kwenye kioo cha runinga, na sikujua kama anaona kinachopita.

Kisha ikaja kanda ambamo adui alisukumwa akaanguka ndani ya jua. Alionekana akiungua, mwili wote, na watu wa chombo wakakumbatiana. Bibi alipiga vigelegele. Kesho yake niliweka kanda iliyofuata, na adui huyo hapo, ameketi kwenye kiti chake, hana hata kovu.

"Ala!" Bibi alisema. "Si alikufa huyu? Nilimwona kwa macho yangu akiungua."

Kwa Kiingereza adui alikuwa amekwisha jieleza. Alisema moto hauwezi kumla aliyeuwasha, akacheka. Nilimsikia vizuri, na nilimwona Fundi akifungua mdomo kuyasema hayo. Lakini Shangazi, ambaye hajawahi kuuliza lolote, alikuwa ameacha kushona.

"Alikuwa wapi?"

Fundi alimtazama. Kisha akatazama meza iliyo karibu na mlango, penye kawa.

"Anasema alipotea, Mama. Aliokotwa na watu wa mbali sana. Hawajui lugha yake. Hawezi kuwaeleza kwao ni wapi."

"Na kwao wanajua kwamba yu hai?"

"Bado hawajui."

"Masikini," Shangazi alisema, akaokota ukuti.

Ndivyo hadithi ilivyogeuka njia. Katika kanda, adui aliendelea kuwa adui. Katika kinywa cha Fundi alikuwa mtu anayetafuta njia ya kurudi kwake. Alipoamuru mizinga ifyatuliwe, Fundi alisema anaomba afunguliwe mlango. Kulikuwa na mwanamke mwenye nywele za fedha, askari wa upande wa pili, aliyemwinda adui kutoka nyota hadi nyota ili amuue. Fundi alimfanya mke, anayemtafuta mumewe. Hadithi ilikubali vizuri kuliko nilivyodhani, kwa sababu uso wa mwanamke anayewinda na wa mwanamke anayetafuta, ukiondoa maneno, ni uso mmoja.

Kuna siku picha ilimshinda. Adui aliteketeza mji mzima, watoto wakionekana wakikimbia, na hapakuwa na namna ya kuuita moto ule mlango.

"Na hapa je?" Bibi aliuliza. "Huyu si ndiye anayetafuta kwao?"

Fundi alikwama. Shangazi ndiye aliyejibu.

"Wamemlisha kitu huko. Mtu akikaa sana kwa watu hubadilika."

"Basi mume wangu wa kweli alilishwa kitu Mombasa," Bibi alisema, "na wala hakwenda angani. Alipanda feri tu."

Tulicheka sote, Shangazi naye. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu nihamie pale.

Jioni ile nilimfuata Fundi chumbani mwake. Alikuwa akipinda sare za shule.

"Fundi, yule mtu hakusema anatafuta kwao."

"Najua."

"Alisema atawamaliza wote."

"Si nilisikia? Hata mimi nimesoma." Alikata uzi kwa meno. "Wewe ungemwambia nini mama wa watu? Hiyo maneno ya moto?"

Niliona kwamba Shangazi siku hizi anakula akashiba, anaulizia kanda ya kesho, na usiku simsikii akifungua mlango kuchungulia njia. Nilimwacha Fundi na kazi yake.

Haikupita muda akaja mdogo wa mumewe Shangazi, Ijumaa, baada ya sala. Alikuwa mtu mpole. Alikaribishwa kahawa, akaizungusha kikombeni.

"Shemeji, sisi hatukuharakishi. Lakini kaka anahitaji dua."

"Dua namwombea kila siku."

"Dua ya marehemu, shemeji."

"Marehemu yupi? Umemwosha wewe? Umemzika?" Shangazi alionyesha runinga kwa kidevu. "Hata yule pale walisema amekufa. Wamesema mara tatu. Mara tatu amerudi."

Shemeji aliitazama runinga, ambayo ilikuwa imezimwa na imefunikwa kitambaa cha kufuma. Alinitazama mimi, akamtazama Fundi aliyekuwa amesimama na sinia. "Runinga," alisema polepole. Hakumaliza kahawa yake. Fundi alibeba kikombe kile akaenda nacho jikoni, na alikaa huko muda mrefu kuliko inavyohitaji kuosha kikombe kimoja.

Kidonda kilianzia kwenye kifundo cha mguu, mahali Shangazi alipochomwa na kijiti cha kuti. Alikuwa na ugonjwa wa sukari na hakujua. Mguu ulivimba, ngozi ikageuka rangi. Tulipompeleka hospitali, umbali mfupi tu kutoka nyumbani, daktari alitaka alazwe siku hiyo hiyo, akatueleza waziwazi kwamba mguu ukichelewa utakatwa, na pengine kukatwa kusitoshe. Shangazi alisikiliza kwa adabu, akashukuru, akaniomba nimshike mkono twende zetu.

"Nilazwe, na nyumba nimwachie nani?" aliniuliza njiani. "Akija akute kufuli?"

"Mimi nipo, Shangazi."

"Wewe hakukuoa wewe."

Ndugu wa mume walikuja, wakanena naye. Bibi alinena naye. Kila mtu alipata jibu lile lile, na kila jibu lilimtaja yule wa mkono wa kioo, jinsi alivyopotea, na jinsi atakavyohuzunika akifika asione mtu. Kila asubuhi Fundi alimwosha kidonda kwa maji ya chumvi. Nyumba ilianza kuwa na harufu, na tulichoma udi tukijifanya ni kwa ajili ya mbu.

Asubuhi moja Fundi alinijia nikipiga mswaki uani.

"Kanda zimebaki ngapi?"

"Moja."

"Hiyo niliiona kazini, kule kwa chumba cha staff. Unajua inaishaje? Chombo chake inapasuka. Wanatafuta, wanapata huo mkono peke yake. Halafu vidole vinaanza kusonga. Ati bado yuko."

"Basi Shangazi atafurahi."

"Atafurahi na mguu imekatwa. Atafurahi akiwa kwa kaburi." Alikuwa ameshika beseni la maji ya kidonda. "Mimi ndio nilimfufua. Leo huyo mtu atakufa."

Adhuhuri hiyo tulikaa kama kawaida. Shangazi alikuwa amenyoosha mguu juu ya mto, sahani ya mumewe iko mezani chini ya kawa. Niliweka kanda. Adui alikimbizwa, chombo chake kikapasuka, vipande vikaanguka juu ya nchi ya vumbi isiyo na mti. Mwanamke mwenye nywele za fedha alishuka, akatembea katika majivu, akainama. Akauokota mkono wa kioo. Haukuwa na mwanga.

"Mkewe amefika," Fundi alisema. Sauti yake haikuwa ile ya siku zote. "Amepata mkono. Hakuna kingine. Amekufa, Mama."

Shangazi aliendelea kuutazama ule mkono.

Fundi, nadhani kwa kuogopa ule ukimya, akaendelea kusema zaidi ya alivyopanga. "Sasa wanachukua hiyo mkono, wanapeleka mochari. Inakaa huko wiki moja, mbili, watu wa kwao wachange pesa, wafike kutoka mbali, ndio azikwe."

"Wiki mbili!" Bibi aliinuka kwenye mkeka. "Astaghfirullah! Wiki mbili juu ya ardhi? Kwani ni samaki wa barafu?"

"Kwetu tunangoja watu wafike, Bibi. Na huyu kwao ni mbali."

"Wakiwa mbali si wamsalie huko huko waliko? Wewe Fundi umekaa pwani miaka yote hii hujui? Kuna sala ya ghaibu. Mwili usionekane, kidole kisionekane. Watu wanasimama, wananuia, wanamsalia. Basi. Amesitirika."

"Bila mwili?" Fundi aliuliza. Naamini aliuliza kwa sababu hakujua. Kwao, bila mwili hakuna maziko.

"Bila mwili."

"Na hiyo inatosha? Mungu anaikubali?"

"Kwa nini asiikubali? Yeye si ndiye anayejua alipo?"

Kwa miaka miwili hakuna aliyethubutu kulitaja jambo hilo la kumsalia mtu bila mwili katika nyumba ile. Bibi mwenyewe alilisikia likiwa limekwisha mtoka, akajifunika mdomo kwa pembe ya leso.

"Bila mwili," Shangazi alisema.

Kwenye runinga mwanamke alikuwa ameuweka mkono chini na kuondoka. Lilibaki vumbi. Nilikuwa nimekaa karibu, nikaona ndani ya ule mkono wa kioo kitu kikianza kung'aa, chembe tu. Fundi aliinuka upesi, leso ikiburutika, akabonyeza swichi. Kioo cha runinga kikawa cheusi.

"Imekwisha?" Bibi aliuliza.

"Imekwisha."

"Na mkewe?" Shangazi alisema.

Fundi alibaki amesimama mbele ya runinga, kama anaizuia isiwake yenyewe.

"Mkewe alimtafuta kila mahali, Mama. Hakuna mahali hakutafuta. Hakuna mtu atasema hakumngoja."

Shangazi aliushusha mguu kwenye mto. Nilitaka kumsaidia, akanikataza kwa mkono. Alikwenda akichechemea mpaka mezani, akaondoa kawa, akavuta kiti. Wali ulikuwa umepoa na samaki amekauka. Alinawa, akasema bismillahi, akala sahani ile ya mumewe yote, taratibu, akichambua miiba na kuipanga ukingoni. Bibi alikuwa akilia bila sauti. Shangazi alipomaliza alilamba vidole, akaniambia bila kunitazama:

"Kesho tutapanda Kwale. Tukishuka, unipeleke hospitali."

Shemeji zake walikuja nasi. Mambo ya kwa kadhi hayakwenda haraka, lakini yalikwenda, na siku ile ile tulipokwenda mara ya kwanza alilazwa. Alipoteza vidole viwili vya mguu. Mguu ulibaki. Hukumu ilipotoka alisaliwa mumewe sala ya ghaibu baada ya sala ya Ijumaa, hitima ikasomwa, ua ukajaa watu, na yale makuti yaliyolundikana yakatandazwa wapate kukaa. Fundi alimshonea nguo nyeupe za eda, zisizo na ua wala utepe. Alizishona mara mbili, kwa sababu za kwanza alisema mshono umepinda. Mimi sikuuona ulipopinda.

Shangazi alikaa chumbani, pazia likiwa mlangoni. Runinga ilibaki imefunikwa. Alasiri moja, Fundi akiwa uani, niliondoa kitambaa nikaiwasha, nikapunguza sauti, nikataka kuona tu kilichobaki katika kanda ya mwisho. Fundi aliingia akanikuta. Sikuzima, naye hakuniambia nizime. Alikaa kando yangu.

Vumbi. Mkono. Mwanga ule mdogo ulikua, ukapanda hadi kwenye vidole, na vidole, kimoja kimoja, vikakunjuka. Kisha ikasikika sauti ya adui, ya chini, ikisema kwa Kiingereza kwamba hajamaliza safari, na ule muziki uliopigwa kila alipotokea ukalia.

"Ni yule?" Shangazi aliuliza nyuma ya pazia.

Nilimtazama Fundi.

"Hapana, Mama," alisema. "Ni mwingine. Wamefanana sauti."

Nilisikia tasbihi ikipita vidoleni mwa Shangazi, punje kwa punje, ikasimama.

"Na huyo naye ana mke?"

Fundi alifungua mdomo, kama alivyoufungua kila adhuhuri tangu aianze kazi ile, akaufunga. Ilikuwa mwisho wa mwezi, na asubuhi ile alikuwa ametoka posta kumpigia mumewe. Aliinuka akapita kimya mbele ya pazia, akaingia chumbani mwake. Nilizima runinga. Baada ya kitambo nikasikia cherehani ikianza.